Tapeli Ananijua kwa Majina Yangu Matatu

Shangazi, shikamoo. Mama yangu anauza mawese hapa Ujiji. Alipigiwa simu na mtu aliyejiita mwalimu wa mdogo wangu anayesoma bweni Tabora, akaambiwa mtoto ameanguka na lazima apasuliwe haraka, akatuma laki tatu. Tangu hapo kila tapeli anayenitumia ujumbe namjibu, najifanya bibi mwenye hela, namzungusha hadi usiku wa manane. Juzi mmoja alinitajia majina yangu yote matatu. Niendelee, au niache?
Binti wa Ujiji

Marahaba, mwanangu, na poleni sana.

Acha, tena leo. Uchungu wako ni wa haki, lakini unapomzungusha tapeli unampa uhakika kwamba namba yako iko hewani na kwamba wewe ni mtu wa kuzungumza naye. Majina yako hakuyapata kwa uganga: mtu akianza kukutumia pesa kwa simu, jina lililosajiliwa hujitokeza kabla hajaweka namba ya siri, kisha anaweza kusitisha muamala bila kupoteza hata senti.

Wala usidhani jina linalotokea kwenye namba yake ni lake. Wapo waliowekeshwa kidole mara mbili na wakala wa barabarani, wakaambiwa cha kwanza hakikusoma, kumbe laini ya pili imesajiliwa kwa jina lao na kuuzwa kwa mtu mwingine. Ukilitangaza jina hilo kwenye magrupu, unaweza kumwangamiza mkulima wa Urambo asiyejua lolote. Wewe mwenyewe piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Sasa tuje kwa mama, ambaye ndiye ananihuzunisha zaidi. Mtego ule hauhitaji mjinga, unahitaji mzazi aliye mbali na mwanawe. Anayepiga hujiita mwalimu, hutaja daktari anayesubiri, kisha husisitiza simu isikatwe, kwa sababu anajua kwamba mzazi akikata na kupiga namba ya shule aliyonayo tangu siku ya kumwandikisha mtoto, uongo wote unaanguka papo hapo. Kwa hiyo kubalianeni nyumbani kwamba yeyote anayeomba pesa kwa dharura atakatiwa kwanza, awe anajiita mwalimu, mjomba au askari, na kwamba mama hatalaumiwa hata kidogo kwa kukata.

Namba za matapeli msizijibu. Tumeni neno UTAPELI kwenda 15040, nanyi mtaombwa kutaja namba iliyowasumbua. Pia pigeni 100, huduma kwa wateja wa mtandao wenu, mweleze muamala ule, ingawa pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu mno kurudi.

Lipo jambo jingine ninalolihofia. Aliyetapeliwa mara moja huweza kupigiwa tena na mtu anayedai kutoka makao makuu ya kampuni ya simu, eti anamrudishia fedha zake, ila anahitaji namba ya siri au ada kidogo. Mwambie mama mapema, kwa upole, kwamba mtu huyo naye ni tapeli.

Kituo cha polisi nenda naye wewe mwenyewe, mkiwa na simu iliyopokea ujumbe wa muamala, ambao haujafutwa na unaonyesha tarehe, saa na kumbukumbu namba; na njiani msirudie tena habari ya nani alipaswa kushtuka mapema.