Viatu tunavua, mbona sakafu ya mianzi inapauka?

Swali: Habari mtaalamu. Sakafu yetu ni ya mianzi yenye vanishi, sasa ina mwaka wa tatu. Hapa kwetu hakuna anayetembea na viatu ndani: kila mtu anavua akishaingia na kuviweka kwenye rafu kando ya mlango. Hata hivyo njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni imepauka na imejaa mikwaruzo midogo midogo. Fundi amesema mianzi "imekauka", tuipake mafuta ya nazi au nta kila mwezi ili irudishe mng'ao. Nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize, na kama kopo la nta limeshanunuliwa, lisifunguliwe.

Mianzi yako haijakauka. Juu yake kuna vanishi, na kazi ya vanishi ni kuzuia chochote kisipenye. Mafuta utakayopaka yataishia juu ya vanishi, hayataifikia mianzi. Kilichopauka ni vanishi yenyewe. Hakikisha kwa tone la maji: dondosha moja kwenye njia iliyopauka, jingine chini ya kabati ambako hakuna anayekanyaga. Subiri dakika kumi, kisha futa. Kama tone la njiani limesimama kama ushanga na halikuacha alama, vanishi imekwaruzika tu. Kama limeacha doa jeusijeusi, vanishi imekwisha na maji yanaingia kwenye mianzi, hapo usikawie.

Mikwaruzo imetoka wapi, na viatu mnavua? Imetoka hapo mnapovulia. Kiatu peke yake, ukiacha mchuchumio uliotoka mpira wa kisigino, hakina ubaya mkubwa. Kinachokwaruza ni mchanga. Chembe nyingi za mchanga ni madini ya kwatzi, yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, cha 1 hadi 10. Inakwaruza hata kisu cha kawaida, seuze vanishi. Mkivua ndani, mchanga umeshaingia. Tope la kwenye soli linakauka rafuni, linapukutika chini, kisha soksi zinaubeba mchanga huo hadi jikoni, hatua kwa hatua, kama msasa laini.

Usiku zima taa, laza tochi sakafuni imulike sambamba na mbao. Karibu na rafu utaona mikwaruzo ya nusu duara: hapo ndipo mtu husimama kwa mguu mmoja, akajizungusha akivuta kiatu. Kuelekea jikoni mikwaruzo inanyooka.

Basi hamisha mahali pa kuvulia. Nje ya kizingiti weka kikanyagio kigumu cha nyuzi za kukwangua soli. Ndani weka cha kitambaa, kirefu kiasi cha kukanyagwa hatua mbili au tatu. Viatu vikae kwenye sinia yenye ukingo, si juu ya mbao. Kung'uta vikanyagio nje kila wiki, maana kikishajaa mchanga kinaugawa badala ya kuupokea. Cha ndani kisiwe na mgongo wa mpira wala plastiki, kwa sababu kemikali zake huigeuza vanishi rangi na doa hilo halitoki kwa kusugua. Na malapa ya ndani yanayotoka barazani "mara moja tu" ni viatu kama vingine.

Usafi: fagia kwanza kwa ufagio laini, ndipo upige deki. Ukianza na maji unasambaza uji wa mchanga. Kitambaa kikamuliwe hadi sakafu ikauke ndani ya dakika moja au mbili. Siki iache jikoni, maana asidi yake huififisha vanishi taratibu. Mashine ya mvuke usiiguse. Mianzi ni jamii ya nyasi, ikinywa maji inavimba kwenye maungio.

Sasa hayo mafuta, yanayonichosha kila wiki. Mafuta ya nazi hayakauki yakawa utando mgumu, tofauti na mafuta ya kitani. Yanabaki na unato, yanashika vumbi na mchanga, nawe umejitengenezea msasa uliogundishwa sakafuni, tena unaoteleza. Nta nayo inang'aa wiki mbili tatu, kisha inafifia, unapaka tena, tabaka juu ya tabaka. Hasara yenyewe inakuja baadaye: siku ya kupaka vanishi mpya, haishiki. Inajikusanya na kuacha vishimo, au inabanduka vipande. Hapo utaambiwa ikwanguliwe yote hadi kwenye mianzi, na mbao nyingi za mianzi zina tabaka la juu la milimita chache tu. Huwezi kuzikwangua mara nyingi.

Kama tone lilisimama, dawa yako ni kuongeza vanishi: safisha, piga msasa mwepesi wa namba 220 mpaka mng'ao upotee, futa vumbi lote, jaribu kwanza kwenye kona, kisha paka tabaka moja au mawili ya vanishi inayokubaliana na ya zamani. Mazulia yasirudi kabla ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Kwa kawaida si chini ya wiki moja.

Zipo sakafu zinazotaka mafuta kweli, zile zilizomaliziwa kwa mafuta tangu mwanzo. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huuliza kwanza sakafu ilimaliziwa kwa nini, na asipopata jibu hujaribu mahali pa siri, nyuma ya mlango. Wengine hawaulizi. Wanaona pamepauka, wanasema "imekauka", wanatoa kitambaa. Chupa za "kurudisha mng'ao papo hapo" ni wale wale: nyingi ni utando wa plastiki wa kumwaga, na kabla ya kupaka vanishi utalipa tena ili utando huo utolewe.