Maswali ya Wasomaji: Singo, Ndimu na Uso wa Biharusi

SWALI: Assalaamu alaykum, Bibi Mshauri. Zimebaki wiki tano kabla ya harusi yangu, na nina chunusi mashavuni na kidevuni. Somo yangu, yule mwanamke anayenifunda, ameshatayarisha singo, ule mchanganyiko wa maua ya kusugulia mwili, na anataka nisingwe mwili mzima kila siku, uso ukiwemo. Shoga yangu naye alinishauri nipake ndimu na mafuta ya karafuu juu ya kila chunusi. Nilipaka asubuhi, nikaenda shamba, na baada ya siku mbili nikaota wekundu uliogeuka mabaka meusi yanayowasha. Nifuate ushauri wa nani?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Ushauri wa shoga yako uuache leo hii, na wa somo yako uufuate kuanzia shingoni kwenda chini.

Maji ya ndimu ni makali mno kwa ngozi ya uso, lakini ukali huo peke yake si sababu ya mabaka uliyoyapata. Ndimu, na khasa ganda lake, ina kemikali ambazo zikiwa juu ya ngozi huamshwa na mwanga wa jua na kuiunguza, na ndiyo maana hukuhisi kitu ulipopaka, bali madhara yalijitokeza baada ya siku moja au mbili. Watu wanaokamua ndimu nyingi juani hupata mabaka kama hayo mikononi. Hufifia yenyewe, ingawa huchukua wiki kadhaa na pengine miezi, na hayahitaji kusuguliwa wala kupakwa kitu cha kuyang'arisha. Yanahitaji kivuli. Pemba iko kiasi cha nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana lina nguvu ya kuitia weusi zaidi ngozi iliyojeruhiwa. Ukilazimika kutoka saa hizo, chukua mwavuli, ushushe mtandio, na upake losheni ya kuzuia jua yenye kinga ya 30 au zaidi.

Mafuta ya karafuu tunayaonea fahari, nami sina nia ya kuyatia ila. Hata hivyo, mafuta yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo (vikonyo vya karafuu) na majani, kama yale ya kiwanda cha Wawi hapo jirani yako, sehemu yake kubwa ni yujinoli, kitu kilekile kinachotia ganzi jino linalouma. Yakiwa hayajachanganywa na kitu, huchoma ngozi. Ukiyapenda kwa harufu, tone moja ndani ya kikombe cha mafuta ya nazi linatosha kwa miguu na mgongo. Usoni hayana kazi.

Tuje kwenye singo, ambayo naiheshimu. Mawaridi, asumini, mkadi, rihani, karafuu na liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi huacha harufu ambayo hakuna chupa ya dukani inayoifikia, na kule kusugua huondoa ngozi iliyokufa kwenye viwiko, magoti na visigino. Lakini chunusi si uchafu unaotoka kwa kusuguliwa. Hutokea pale mafuta ya ngozi na chembe zilizokufa zinapoziba kitundu cha kinyweleo, bakteria wakaongezeka ndani yake na ngozi ikavimba. Ukiisugua kwa singo unaipasua, unautawanya uvimbe, na unaacha doa ambalo litaonekana kwenye picha za harusi kuliko chunusi yenyewe. Mweleze somo yako kwa adabu kwamba uso utabaki nje ya shughuli, na kwamba kusingwa mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha, kwani ngozi inayosuguliwa kila siku hupoteza mafuta yake ya kinga na kuanza kuwasha. Singo yenyewe isagwe ya kutumia siku hiyo, kwa sababu maua mabichi yaliyolowa huota ukungu upesi katika joto letu. Ijaribuni kwanza ndani ya mkono na msubiri siku mbili.

Baada ya kukoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya nazi mwilini. Usoni usiyapake, maana kwa mtu mwenye chunusi huziba vitundu, hata yawe yamepikwa nyumbani kwa tui safi kiasi gani. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato. Usiku, tembeza juu ya sehemu zote zenye chunusi tabaka jembamba la krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, ambayo hufanya kazi karibu sawa na zile kali na hukausha ngozi kidogo zaidi. Anza mara tu mabaka yakishaacha kuwasha, kwa sababu matokeo yake huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi nane. Tahadhari moja: dawa hii hupausha nguo, kwa hiyo mto uwe na foronya nyeupe, na buibui likae mbali.

SWALI: Nimeuziwa mkebe wa krimu usio na jina, nikaambiwa ni mitishamba mitupu. Ndani ya wiki moja rangi yangu imetakata, lakini jirani anasema ni mkorogo. Nina ujauzito wa miezi mitatu.
Msomaji, Ng'ambo, Unguja

JIBU: Jirani yako ana haki ya kutia shaka, mama. Hakuna jani wala mzizi unaobadilisha rangi ya ngozi ndani ya wiki moja. Kinachoweza kufanya hivyo kwa haraka ni zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya steroidi ambazo huikondesha ngozi mpaka mishipa ikaonekana na michirizi ikatokea. Zebaki hupenya ngozini, hudhuru figo, na humfikia mtoto tumboni. Chini ya Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, vipodozi vilivyozidisha sehemu moja ya zebaki katika milioni vilipaswa kutoweka sokoni kufikia 2020, lakini mkebe usio na jina haupiti mlango wa ukaguzi. Acha kuupaka, uufunge ndani ya mfuko, na uende nao kliniki ya wajawazito ukaeleze kila kitu. Mkebe huo huo unaweza pia kuwapelekea Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

SWALI: Je, ninaweza kumpaka binti yangu wa miaka sita piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, kwa ajili ya harusi, na mdogo wake wa miezi minne hina?
Msomaji, Wete

JIBU: Piko hapana. Weusi wake mara nyingi hutokana na rangi ya nywele, na kemikali iliyomo inaweza kutoa malengelenge na kumwachia mtoto mzio wa maisha. Binti mkubwa mpake hina halisi, ikae saa kadhaa, itoke nyekundu ya hudhurungi. Mdogo usimpake kabisa, kwa kuwa baadhi ya watoto wetu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hina huweza kuzivunja chembe zao hizo.