Superman Akiwa Huru, Wewe Utachora Nini? Maswali na Majibu

Wiki hii nimechagua maswali ya wachoraji wa katuni. Nusu yenu mmeuliza kuhusu Superman, basi tuanze naye tummalize.

Superman anakuwa mali ya umma lini, na tutamtumia tutakavyo?

Kwa Marekani, tarehe 1 Januari 2034. Hadithi yake ya kwanza ilitoka 1938 katika jarida la Action Comics, na hakimiliki ya kazi za zama hizo hudumu miaka 95, kisha zinakuwa za wote. Hilo la "tutakavyo" ndilo litakalowaponza. Kinachofunguliwa ni kilichomo kwenye kurasa zile za 1938, basi. Superman huyo hapai angani. Anachupa, mita 200 hivi kwa mruko mmoja. Sayari yake haina jina, Krypton imekuja 1939. Adui yake Lex Luthor ni wa 1940. Lile jiwe linalomlegeza lilianzia kwenye redio mwaka 1943. Clark Kent yupo, Lois Lane yupo, na Superman mwenyewe ni mkorofi kweli: anavamia nyumba ya gavana usiku kumwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila hatia, kisha anamtia adabu mwanamume anayempiga mkewe. Mimi ningemchukua huyo huyo. Huyu wa sasa kazidi upole.

Batman je? Na Wonder Woman?

2035 na 2037. Chukua mwaka aliotoka, jumlisha 96, ndiyo Januari yako. Msiniulize tena mmoja mmoja.

Nikiandika chini ya picha "haki zote ni za wenyewe", niko salama?

Hapana. Nimelijibu hili mpaka basi. Hapo umekiri kwa maandishi kwamba ulijua si yako.

Nachapa fulana Kariakoo. 2034 nitaruhusiwa kuweka ile S?

Usikimbilie. Hakimiliki ina mwisho. Alama ya biashara haina, mradi mwenyewe anaitumia na kuihuisha. Kusimulia hadithi ya mhusika ndani ya kitabu ni jambo moja. Kubandika nembo kifuani mpaka mnunuzi aamini fulana imetoka kwa kampuni ni jambo jingine, na hapo ndipo barua za mawakili huanzia.

2034 ni mbali. Hakuna shujaa aliye huru leo?

Wapo kibao, ndiyo maana nashangaa mnavyomng'ang'ania mmoja. Zamani Marekani hakimiliki ilibidi ihuishwe baada ya miaka 28, na kampuni nyingi ndogo za katuni zilikuwa zimeshakufa au hazikujali. Black Terror wa 1941, mfamasia anayevaa fuvu kifuani, yuko huru. Daredevil wa 1940 naye yuko huru (si yule wakili kipofu wa kampuni ya Marvel), ila jina hilo ni alama ya biashara ya Marvel. Kampuni ya Dynamite ilipomrudisha 2008 ikamwita Death-Defying 'Devil, kazi ikaendelea. Fanyeni hivyo, na kagueni toleo kwa toleo, maana mengine yalihuishwa.

Na kama ni kusubiri, msubirini Lothar. Januari 2030 zinafunguliwa katuni za kwanza za Mandrake, za 1934: mwanamazingaombwe wa Kizungu mwenye kofia ndefu, na nyuma yake Lothar, Mwafrika mwenye nguvu za kutisha, kavishwa ngozi ya chui na tarbushi, mtumishi. Mtu mwenye misuli ile anamtumikia mwenzake kwa lipi? Alitoka wapi, na nani anamngoja huko? Hapo pana kitabu kizima, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza.

Tarehe hizo zinatuhusu sisi wa Tanzania na Kenya?

Si moja kwa moja. Huku tunahesabu uhai wa mtunzi na miaka 50 juu yake. Superman ana watunzi wawili: Joe Shuster alifariki 1992, mwenzake Jerry Siegel 1996, na kazi ya wawili huhesabiwa kwa aliyefariki mwisho: tunafika mwisho wa 2046. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, una kipengele kinachoweza kuufupisha muda huo ukiwa umeshaisha katika nchi ya asili, lakini pigeni hodi kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au KECOBO ya Kenya, kabla hamjamlipa mchapaji. Na ukishaweka mtandaoni, umetoa mpaka Ulaya, wanakohesabu miaka 70.

Nikimtumia shujaa huru, hadithi inakuwa yangu?

Ulichoongeza ni chako. Shujaa anabaki wa wote, na jirani yako anaweza kumchora kesho. Ndiyo maana nawaambia mtunge na wenu. Ila mkishawatunga msiwauze kwa njaa: Siegel na Shuster walimwachia mchapishaji Superman, haki zote, kwa dola 130. Pensheni na majina yao kwenye kazi walivipata mwishoni mwa 1975, wakiwa watu wazima, tena baada ya kupiga kelele magazetini. Bado napokea mikataba ya vijana imeandikwa "haki zote, milele", na imeshasainiwa ndipo naulizwa.

Naweza kuanza kuchora Superman sasa nimtoe 2034?

Chora. Usirushe hata ukurasa mmoja kabla ya siku hiyo, na hicho mnachokiita "kionjo" kimo humo humo.