Pampu ya kibwawa kuzibwa na majani na kuvuta viluwiluwi

Ndugu, umeeleza kwamba pampu ya kibwawa chako hapo Raskazone, Tanga, huzibwa na majani ya mkungu na kwamba viluwiluwi, yaani watoto wa vyura, huvutwa ndani yake. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa waya wa umeme.

Wengi huifunga pampu yenyewe kwa kitambaa chepesi, jambo nisilolishauri: nguvu yote ya kuvuta hukusanyika mahali padogo, jani moja hutosha kupaziba, na pampu ikikosa maji ya kuipoza huungua. Afadhali uitie ndani ya ndoo kubwa yenye mfuniko, iliyotobolewa pande zote na kuzungushiwa wavu wa plastiki wa dirishani, kwa sababu maji yanayopita kwenye eneo pana huingia polepole, na kiluwiluwi anayeugusa wavu huweza kuogelea akaenda zake. Iweke ndoo juu ya matofali ili isivute tope, na utie jiwe ndani isije ikaelea.

Majani yaopoe kabla hayajazama, na wavu usugue kwa brashi kila uonapo maji yanatoka kwa unyonge. Usiizime pampu kwa siku nyingi kwa kuwahurumia vyura, kwani maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu.