Vitonge vya chokoleti vilivyoniaibisha, na ninavyovitengeneza sasa

Mara ya kwanza kuahidi kwamba vitamutamu vya sikukuu nitaleta mimi, nilifika na sinia la vitu vilivyofanana na kokoto zilizoota ukungu. Shemeji alichukua kimoja, akakigeuzageuza, akauliza kwa adabu zote, "Hivi ni vya lini?" Vilikuwa vya jana yake usiku.

Ule weupe si ukungu, wala hauna madhara. Ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu kwa sababu niliichemsha chokoleti hadi ikapata moto kupita kiasi, kisha nikaiacha igande inavyojua yenyewe. Mafuta hayo yana namna sita za kuganda, na ni moja tu inayokupa ganda linalong'aa na kukatika kwa mlio ukiling'ata. Kazi nzima ni kuisukuma chokoleti ifuate namna hiyo. Mengine ni kufinyanga tu.

Tuanze na cha ndani, maana hakina shida. Mimi huchanganya siagi ya karanga gramu 250, siagi ya kawaida iliyolainika gramu 60, sukari laini ya unga gramu 200 na chumvi kidogo. Usiiache chumvi. Navingirisha vitonge vya gramu 15 hivi, vinavyoingia mdomoni mara moja, napata zaidi ya 30. Vinakaa kwenye friji nusu saa vishikane.

Halafu vitoe, uvipe dakika 10 nje. Hapa wengi hukosea, nami nilikosea: nilivichovya vikiwa vimetoka kwenye friza, vigumu kama jiwe. Ganda liliganda papo hapo, nikajipongeza. Baada ya saa moja vyote vilikuwa na nyufa, kwa sababu cha ndani hutanuka kinapopoteza ubaridi na ganda halina pa kwenda. Juu yake vikatoa jasho.

Sasa chokoleti. Kwa vitonge hivyo gramu 300 za chokoleti nyeusi zinatosha na kubaki. Ikatekate ndogondogo, kisha robo yake, gramu 75, iweke pembeni. Usiiguse. Iliyobaki iyeyushe kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria yenye maji kidogo yanayofuka mvuke, tako la bakuli lisiguse maji. Ikishayeyuka na kufika kama nyuzi 45, ondoa bakuli na ulifute chini mara moja kwa kitambaa kikavu. Nasisitiza kitambaa, kwa sababu mwaka wa pili tone moja tu liliteleza kutoka chini ya bakuli likaingia ndani, na mbele ya macho yangu chokoleti laini ikageuka matope makavu yaliyong'ang'ania mwiko. Ukipatwa na hilo usiitupe: ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo, koroga, upate mchuzi wa kumwagia keki. Kuchovyea haifai tena.

Ile robo uliyoificha ndiyo mwalimu. Iongeze kidogo kidogo huku ukikoroga bila haraka. Vipande hivyo vimeshaganda kwa namna tunayoitaka, na vinaifundisha iliyoyeyuka. Ukifika nyuzi 31 au 32 uko tayari. Kama huna kipimajoto, weka tone kwenye mdomo wa chini: lihisike baridi kidogo, lisiunguze. Kisha chovya ncha ya kisu, iache dakika 5. Ikiganda na kung'aa, endelea. Ikibaki inanata, koroga zaidi.

Mimi hutumia uma. Naangusha kitonge, nakifunika, nakiinua, nagonga uma ukingoni mwa bakuli mara tatu au nne, halafu nakwangua chini ya uma kabla ya kukilaza kwenye karatasi ya kuokea. Usipogonga, kila kitonge kitavaa kandambili ya chokoleti. Chembe za chumvi au karanga zilizosagwa zinyunyize ungali na kitonge kimoja au viwili vibichi. Ukisubiri sinia lijae, hazishiki.

Kama muda umekubana, kuna chokoleti za kupaka zilizotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea badala ya ya kakao. Hizo unayeyusha na kuchovya, basi. Ladha yake mimi hainipendezi sana, lakini watoto hawajawahi kulalamika.

Vihifadhi kwenye chombo kilichofungwa, mahali pakavu penye ubaridi wa kawaida. Vitakaa siku tano bila wasiwasi. Siku ya shughuli, weka kikaratasi kando ya sinia kinachosema kuna karanga, kwa sababu kitonge kikishafunikwa hakuna anayeweza kujua kilichomo.

Chokoleti itakayobaki bakulini ipakaze kwenye karatasi, tupia zabibu kavu, iache igande. Hiyo haifiki kwa wageni.