Mnaoanza kutembelea familia zenye watoto wadogo, someni hii kwanza

Karibuni sana kwenye hii kazi ya kuwaonyesha wazazi namna ya kucheza na kuongea na watoto wao. Kitu kimoja naomba mkishike mapema: mwanafunzi wako ni mama (au bibi, au baba, yeyote anayelea), sio mtoto. Wewe unakaa hapo saa moja unaondoka, yeye yupo naye usiku na mchana.

Ndo maana ukifika na kopo lako lenye vizibo ndani (la kutikisa litoe sauti) usianze kumchezesha mtoto mwenyewe, mpe mama kopo (mfuniko ubane kabisa, kizibo kikitoka kinamkaba mtoto). Mwache atikise, asubiri mtoto ageuke, mtoto akisema "aaa" na yeye amjibu "aaa", halafu anyamaze kidogo. Hapo kwenye kunyamaza ndo wengi wanashindwa jamani, wanaongea mfululizo mpaka mtoto anakosa zamu yake. Akifanya vizuri mwambie palepale na utaje kitu chenyewe, "umeona alivyogeuka ulipomuita?" Mama aliyezoea kuambiwa hana lolote akijionea hilo kwa macho yake anapata nguvu kweli.

Na msidharau hayo makopo. Jamaica walianza 1986 kuwatembelea watoto waliodumaa, saa moja kila wiki kwa miaka 2, wahudumu wa kawaida wa jamii wakimwonyesha mama namna ya kucheza na mwanae kwa vitu vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 hivi kuliko wenzao wasiotembelewa.

Usimpangie ratiba mpya, kazi anazo tele, aongee na mtoto humohumo kwenye shughuli, akimuogesha ataje mguu, tumbo, sikio.

Lakini ukikuta mtoto anaharisha, au hawajala, au mama anapigwa, kopo weka pembeni. Mwongozo wa WHO, UNICEF na Benki ya Dunia wa 2018 umeweka afya, lishe, usalama, malezi yenye kuitikia (mtoto akitoa sauti au ishara, anajibiwa) na kujifunza mapema kwa pamoja, huwezi kuchagua la kuchezea tu ukaacha mengine. Mpe rufaa na ufuatilie kama alifika, maana unaweza kumwandikia karatasi nzuri kumbe nauli hana.

Halafu ukirudi wiki inayofuata usianze na "mlicheza?", muulize yeye analala vizuri, anakula, ana mtu wa kuongea naye. Mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) anamwona mtoto anamtazama ila nguvu ya kumjibu hana, huyo usimwongezee mazoezi, mtafutie msaada wake yeye kwanza.