Wali mgumu, tui lililokatika, mbaazi zilizochacha: kosa liko kabla ya friji

Dada uliyeuliza: unapika kwa wingi, unafunga sahani moja moja kwenye mikebe ya plastiki, na unawauzia watu wa maofisini chakula cha baridi wakapashe wenyewe. Wateja wanalalamikia wali mgumu, tui lililokatika na mbaazi zinazochacha siku ya pili. Kuna waliokushauri ununue friji kubwa zaidi. Usinunue bado. Friji hutunza chakula kilichokwisha kupoa, kupoza sufuria ya moto si kazi yake. Chakula chako kinaharibika katika zile saa za mwanzo baada ya kuepua.

Nianze na mbaazi. Sufuria ya lita 10 ikiachwa jikoni, ukiigusa kando utadhani imepoa kumbe katikati bado ni vuguvugu mpaka usiku, hasa msimu wa kaskazi. Vijidudu huzaana kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5, na vingine huacha mbegu ambazo hata kuchemsha hakuziui. Kwa hiyo kishushe chakula kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Weka sufuria ndani ya karai la maji na barafu, maji yalingane na usawa wa mbaazi, ukoroge kila dakika 5 mwiko ukigusa chini. Maji ya bomba peke yake hayafai, ya hapa Mombasa yenyewe ni vuguvugu. Usiku wa kabla gandisha chupa za maji za lita 1, sita au nane, uzizamishe karaini na kuzibadilisha zikiyeyuka. Pima katikati kwa kipimajoto cha kuchoma, mkono hudanganya. Na usifunike mikebe moshi ukitoka: mvuke hugeuka matone, chakula kinalowa na joto linabaki ndani.

Wali una mambo mawili yasiyohusiana. Ugumu ni tabia ya wanga: ukipoa hujipanga upya na kukaza, na baridi ya friji huharakisha jambo hilo kuliko hata baridi ya kugandisha. Kuuhamisha rafu hakusaidii. Ongeza maji kidogo tu wakati wa kupika, na umwandikie mteja kwenye kifuniko: nyunyiza kijiko 1 cha maji, funika bila kubana, pasha dakika 2, chambua punje, pasha dakika 1 tena. Pilau na wali wa nazi hustahimili kuliko wali mweupe, kwa sababu ya mafuta.

La pili ni usalama, na hapa sina mzaha hata kidogo. Kijidudu cha wali, Bacillus cereus, hutoa sumu ya kutapisha isiyoondoka kwa kupashwa moto. Tandaza wali kwenye sinia, unene usizidi sentimita 5, uingie friji mapema, na uuze kesho yake tu. Unaotaka ukae zaidi, ugandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri.

Tui hukatika kwa sababu limechemka kwa nguvu. Pikia tui jepesi, tui zito litie mwisho, moto mdogo, koroga upande mmoja na uepue linapoanza kutokota. Ndimu na ukwaju havikai pamoja nalo siku 2, mfungie mteja kipande cha ndimu kando. Ule utando mweupe mgumu unaoonekana juu asubuhi si uharibifu: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, yakipashwa taratibu na kukorogwa hurudi. Mwambie mteja, asije akatupa chakula kizuri.

Samaki wa kupaka, hasa jodari na vibua, pika siku ile ile uliyonunua. Wakikaa joto hujenga histamini, yaani kemikali inayomletea mlaji dalili kama za mzio, haina harufu wala haifi kwa moto. Mchuzi wa nyama au kuku hukaa siku 3 ukiwa chini ya nyuzi 5. Kachumbari funga peke yake.

Kupeleka: boda ikisimama kwenye foleni ya feri ya Likoni jua la saa saba, chakula kisicho na barafu kimeshaanza kuharibika. Hewa ikipita nyuzi 32, hesabu saa 1 tu nje. Mteja akipasha, katikati ifike nyuzi 75.

Stima ikikatika, usifungue friji. Ikifungwa hushika baridi kama saa 4. Baada ya hapo choma kipimajoto kwenye mkebe wa katikati, na ukikuta imekaa juu ya nyuzi 5 zaidi ya saa 2, mwaga, hata kama harufu ni nzuri.